Kiti Kitupu

Siku hiyo mjinga alikuwa fundi mwenyewe, ila mdomo wake ndio uliochelewa kupata habari.

Mawingu yalikuwa yametanda juu ya rundo la mahindi ya shemeji yake, mke wa kaka yake, na mashine ya kupukuchua haizunguki. Fundi alipanda trekta, akawasha injini, akavuta wenzo wa shafti ya nyuma inayozungusha mashine, kisha akaruka chini kuchungulia. Shafti ilikuwa imelala, grisi inang'aa kwenye mifuo yake. Akapanda tena, akashuka tena. Wapi!

"Gia zimesagika," akatangaza. "Kaka anaendesha trekta kama anatwanga. Nalifumua lote."

"Na mvua je? Shemeji, mume wangu huwa—"

"Mumeo huwa hajui kitu. Tuachie wenye akili."

Akaenda kwenye sanduku la vifaa kutafuta spana kubwa, huku injini ikinguruma.

Shemeji alipanda, akaketi kwenye kiti cha dereva, akakunja mikono.

Shafti ikashtuka, ikaanza kuzunguka. Mahindi yakaanza kurukaruka ndani ya mashine.

Spana ikamponyoka fundi. "Umegusa nini?"

"Nimekaa tu. Trekta hili likiona kiti kitupu linagoma, shemeji. Kichwa kitupu halijali."