Kitanda cha Tusekile

Mama Tusekile alikuwa akipepeta mchele mlango ulipofunguka wenyewe, ukamwingiza mzee mwenye begi na kitambulisho cha kongamano shingoni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Chuo kimenileta. Kumbe hukuarifiwa?"

Hakuarifiwa, ila sheria aliijua. Kitanda kisicholaliwa mwaka mzima hujitaja chenyewe chuoni, na kongamano likija hupewa mgeni. Nyumba inayomnyima mgeni kitanda hicho hukatiwa mawasiliano ya angani kwa miezi sita. Na huko angani, katika kituo cha utafiti, ndiko aliko binti yake, anayepiga simu kila Jumapili. Siku ya kuondoka Tusekile alimkumbatia akamwambia, "Mama, asilale mtu kitandani kwangu mpaka nirudi." Naye akaahidi.

"Utalala chumbani kwangu, Profesa," alisema baada ya kumsimulia ahadi hiyo. "Mimi mkeka unanitosha."

"Kitanda kitakushtaki, mama. Acha nijinyooshe pale dakika tano tu, kiridhike."

"Dakika tano na uchovu huo? Utakoroma hadi kongamano liishe!"

Wakacheka. Kisha akatikisa kichwa taratibu. "Hapana, baba. Nilimwahidi."

Walipokuwa wakila, taa ya kijani ya simu ukutani ilififia, ikazimika. Kesho yake ilikuwa Jumapili. Mama Tusekile aliitazama kidogo, akamwongezea mgeni mchuzi, kisha akaenda kumtandikia kitanda chake mwenyewe.