Nyegere Anasubiri Mgeni

Nyegere alipoomba kura, alibisha kila mlango wa jimbo, naye Pimbi akamnywesha uji. Akachaguliwa, kisha akapewa kazi ya kutoza kodi. Tangu hapo kila akibisha, Pimbi alijibu, “Sipo!”

Alipostaafu, alimpelekea Pimbi asali.

“Kodi nimeshalipa!” Pimbi akafoka kutoka ndani.

“Sidai kitu, jirani. Nimekuja kukujulia hali.”

Mlango haukufunguliwa.

Mwaka mzima hakuna aliyebisha kwa Nyegere, mpaka alipokuja Ngiri, mtoza kodi mpya.

“Shikamoo, mzee. Kodi yako ni vibaba viwili vya mtama.”

Ghala la Nyegere lilikuwa limejaa, lakini alitoa kimoja tu.

“Marahaba, mwanangu. Kingine sina leo. Kipitie kesho.”

Ngiri alipoondoka, Nyegere akaanza kupanguza kiti cha mgeni.