Ile Mpya Juu

Bi Somoe alikuwa akifunga gunia la barua pale Tausi alipoingia posta akihema.

"Bibi, nirudishie barua yangu ya asubuhi. Nimemwandikia dada asikanyage kwangu, hata nikifa."

"Ikishaingia sandukuni ni ya dada yako, mjukuu wangu. Mimi naitunza tu."

Tausi akaangua kilio. Bi Somoe akamsogezea karatasi na kalamu.

"Andika nyingine. Dereva atangoja; naye ana dada."

Barua zinazokwenda kwa mtu mmoja hufungwa pamoja. Bi Somoe alizifunga zote mbili kwa uzi, ile mpya juu. Nje honi ililia mara ya tatu. Akaujaribu uzi kwa kidole, akaukaza zaidi, ndipo akafunga gunia.