Makame ni Mmoja

Mungu anisamehe, miaka mingi nilimwita jirani yangu kwa kazi yake, na jina lake nikalijua siku ya mazishi yake. Ndiyo maana nasimulia habari za Kima.

Kima huyo aliitwa Makame, na ndiye aliyeanza kazi ya kuwatoa wanyama miiba. Alisifika mno, hata kila mtoa miiba akawa anaitwa makame.

Asubuhi moja Nyati alimjia akichechemea.

"Makame mmoja kaniachia nusu ya mwiba mguuni. Wewe nawe ni makame?"

"Makame ni mimi, na sijakugusa!"

"Aa, bwana, makame wamejaa. Sasa aliyeniumiza ni makame gani?"

"Laa haula! Aliyekuumiza ni Fisi, naijua kazi yake mbovu! Jina hili nilipewa na mama yangu, leo kila mzembe analivaa. Sikutibu mpaka ukiri kwamba Makame ni mmoja tu!"

Kima alifoka hadi koo likamkauka. Akamwona Punda anapita na mitungi yake ya maji.

"We zuhena! Hebu nimiminie kidogo."

Punda akasimama.

"Zuhena alikuwa bibi yangu, mchota maji wa kwanza hapa. Tulimzika, Makame, nawe ulikuwepo. Mimi naitwa Riziki."

Nyati akaangua kicheko. Kima aliinama, akaushika mguu wa Nyati, akauchomoa mwiba bila kumdai tena akiri.

Tafadhali, ndugu yangu, kesho muulize jina lake anayekuletea maji.