Sahani Zisizo na Majina

Pale kiwandani kila mfanyakazi alikuwa na sahani yake ya bati, jina limekwaruzwa kwa msumari kwenye kitako. Zawena, mpishi wa kantini, aliwajua wenyewe hata kabla ya kuzigeuza. Ijumaa asubuhi gari la kampuni likashusha magunia sita ya mchele na makasha ya sahani mpya.

"Zipange rafuni," karani akamwambia. "Hizo kuukuu zitie guniani. Jumatatu, wafanyakazi wagome wasigome, utapikia watu mia mbili, wawe hawa au wengine."

Mchana akaingia Shemdoe, mwenyekiti wa chama cha wafanyakazi, njaa imemuuma kabla ya wenzake.

"Dada Zawena, Jumatatu pumzika," akasema. "Tunakaa na wakubwa wa kampuni mezani saa mbili. Wakiukataa mkataba wetu, saa nne tunatoka sote. Hata sufuria usiinjike."

"Nimeambiwa nipike."

"Umpikie nani? Humu hatabaki hata paka."

Zawena akainamia ungo wake, akaendelea kuchambua mchele. Vidole vyake vilikuwa vikitupa hata punje nzima.

Shemdoe akacheka, akaenda rafuni kuchukua sahani yake. Akaigeuza kutafuta jina. Kitako kilikuwa kitupu, kinang'aa. Akachukua ya pili, akadhani amekosea safu, akachukua ya tatu. Kicheko kikamkauka mdomoni. Akaendelea kuzigeuza moja moja, taratibu, kama anayefunua nyuso za maiti, na rafu ilikuwa bado ndefu.