Oda ya Kwanza

Simu ya fundi seremala ililia, na sebule nzima ikashangilia. Majirani walikuwa wamejazana kushuhudia tovuti aliyotengenezewa na bintiye, na fundi alishaanza kuogopa kwamba hakuna atakayeagiza kitu.

"Soma, baba, tusikie!"

Akasafisha koo. "Nahitaji kabati la kona ya jikoni, lenye rafu zinazozunguka. Sufuria zangu zimerundikana chini, na nikitaka ya mwisho napiga magoti."

"Masikini," akasema jirani. "Huyo hana mume?"

"Mume ninaye," fundi akaendelea kusoma, sauti ikififia. "Ni seremala hodari. Tangu tuoane ananiambia kesho."

Kicheko nusura kiezue bati. Fundi akainuka, akaenda jikoni.

Mkewe alikuwa amepiga magoti, mkono mmoja umezama kwenye kona mpaka begani, mwingine umeshika simu. Hakugeuka.

"Mmepokea oda yangu, bosi, au nitafute fundi mwingine?"

Fundi akamfuta masizi begani kwa kidole gumba, polepole. Kisha akachomoa tepu ya kupimia mfukoni, akapiga magoti kando yake.

"Shika huku, mama watoto."