Kabati la Mzee Nondo

"Hivi pale chuoni mkuu ni nani, wewe au yule mzee wa kuchomelea?" jirani alimuuliza siku moja huku akianua nguo. "Maana kila siku nakuona wewe ndiye unayemfuata."

Mkuu wa chuo alicheka, lakini neno lile lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Ulikuwa muhula wake wa kwanza. Alikikuta chuo cha ufundi ambacho kila karakana inajitegemea: maseremala huku, washona viatu kule, wachomeleaji peke yao mwisho wa uwanja. Mwanafunzi wa viatu hakujua hata randa inashikwaje. Akapitisha neno: mwaka huu kila kazi ya mtihani itatoka kwenye karakana zaidi ya moja, na walimu watatembeleana na kupanga pamoja. Walimu waliitika. Mmoja tu aliweka mgomo.

Huyo, mwalimu wa kuchomelea, walimwita Mzee Nondo. Hakuwa na mke wala mtoto, na alilala chumba cha nyuma ya karakana yake. Asubuhi wanafunzi walimkuta ameshakaa nyuma ya meza yake ya chuma, ovaroli imemfunika hadi chini. Jioni walimwacha papo hapo. Zamani alikuwa akizunguka chuoni, polepole, akichechemea kidogo kama watu wa umri wake. Tangu likizo iishe, hakuna aliyemwona uwanjani. Wanafunzi walitaniana kwamba mzee amejichomelea kwenye stuli.

Mkuu akiingia karakana nyingine, mwalimu husimama kumlaki. Mzee Nondo hakusimama. "Karibu, Mkuu," alisema tu, amekaa kama gogo. Akihimizwa kushirikiana na wenzake, alijibu kwa upole kwamba manahodha wengi, chombo huenda mrama. Wanafunzi wake nao akawakataza kwenda kwa wenzao. La moyoni mwa mtu alijuaye ni Mungu. Mkuu yeye aliona kiburi.

Subira ikamwisha. Akampelekea neno la mwisho: Ijumaa afike kwenye kikao ukumbini, kwa miguu yake mwenyewe, akae na wenzake. Asipofika, kazi aiache na chumba akihame.

Ijumaa kikao kilianza na kiti kimoja kitupu. Badala ya mzee, uliletwa ujumbe wake: kabati lake limefunguliwa, kitu kimeibwa, anaomba Mkuu afike.

Afike yeye. Hata kwenye wizi, Mkuu ndiye wa kufuata. Aliinuka, akavuka uwanja bila kumtazama mtu.

Ndani ya karakana mashine zilikuwa zimezimwa. Wanafunzi watatu walisimama ukutani: mchomeleaji mmoja, seremala mmoja, na binti mwembamba wa darasa la viatu ambaye wenzake walimwita Sindano. Mzee Nondo alikuwa nyuma ya meza yake, jasho linamtiririka. Alieleza kwamba kwa siku kadhaa amewasikia hawa watatu wakinong'onezana nyuma ya ukuta, na sasa kabati lake ni tupu.

"Kimeibwa nini?" Mkuu aliuliza.

"Kitu changu."

"Kitu gani?"

Mzee aliinamisha macho. Mkuu akawageukia wale watatu, akawaambia kwamba mwizi hafanyi mtihani katika chuo chake. Leo hii watafunga mizigo warudi kwao. Lakini kwanza, Mkuu alisema, mwenye mali aitaje mali yake.

Mzee akaivuta ovaroli yake chini zaidi.

"Basi inuka twende ofisini, ukaitaje huko."

Mzee alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili, mishipa ikamtoka shingoni. Hakuinuka.

"Mzee wangu, nimekuheshimu vya kutosha," Mkuu alisema, sauti yake ikiwa chini. "Leo utaniinukia. Usipoinuka sasa hivi, kesho hapa si kwako."



Ndipo Sindano alipobanduka ukutani. "Tulichukua sisi, Mkuu. Utufukuze. Ila kipimo tusingekipata kwingine."

Aliinama nyuma ya mitungi ya gesi, akavuta gunia, akalifikisha kwa mzee. "Mwalimu, utusamehe. Mbao kachonga huyu, bomba kachomelea yule, ngozi nimeshona mimi. Kila mmoja alijaribu peke yake, ikamshinda. Kidole kimoja hakivunji chawa." Akashusha sauti. "Jaribu, baba. Pakibana, nitalegeza."

Mzee Nondo alichungulia ndani ya gunia. Kichwa kikainama kama cha mtu anayeomba. Kisha akalivutia mapajani, na mikono yake ikaanza kushughulika kule chini ya meza kusikoonekana. Mkanda wa ngozi ulisikika ukikazwa, tundu baada ya tundu.

Mkuu aliona anafichwa mbele ya macho yake. Akapiga meza kwa kiganja. "Kilichoibwa kiwekwe hapa juu!"

Sindano ndiye aliyekiweka. Alirudi kwenye mitungi, akakitoa kimeviringishwa kitambaa, akakilaza mbele ya Mkuu taratibu kama anayelaza mtoto, akakifunua: mguu wa mbao, wa zamani, umevunjika kifundoni.

Mzee Nondo akamwinukia Mkuu wake. Akampita, akavuka mlango, akashika njia ya ukumbini kwenye kile kiti kitupu.